Nyimbo za 1956: upi uupige kwenye sherehe, upi uuache kabatini

Mjomba wangu ni wa 1956. Mwaka huu anatimiza sabini, na amekataa keki ya ghorofa, amekataa mshereheshaji, amekataa hata turubai. Anachotaka ni nyimbo. Si zilipendwa kwa ujumla, maana hizo redio humpa kila Jumapili bila kuombwa. Anataka zilizotoka mwaka uleule aliotoka yeye. Kazi nikatwishwa mimi mpwa wake, na sharti juu yake: nusu saa, baada ya dua na kabla ya pilau.

Nusu saa inatosha kuliko inavyosikika. Nyimbo za miaka ile ni fupi, nyingi dakika mbili na ushei, na wa dakika tatu ulishahesabiwa mrefu. Kumi zinaingia. Taabu ni kuchagua, kwa sababu wimbo mmoja wa 1956 unaweza kuukuta kwenye midomo miwili au mitatu, kila mdomo na santuri yake. Basi nikaziweka mbili mbili, nikazisikiliza moja baada ya nyingine kwenye spika ileile itakayotumika siku ya shughuli. Mwenye mzee wa mwaka huo nyumbani aazime maamuzi yangu, au ayapinge.

Mbwa wa Big Mama na mbwa wa Elvis

Ukimtajia mtu 1956, jina la kwanza kumtoka ni Elvis Presley, na wimbo wa kwanza ni Hound Dog. Nami nikaanza hapo, ila nikaanza na mwenyewe wa kwanza.

Wimbo huu ulitungwa na vijana wawili wa miaka 19, Jerry Leiber na Mike Stoller, wakimtungia Willie Mae Thornton, mwanamke aliyejaa umbo na sauti, ndiyo maana akaitwa Big Mama. Aliurekodi Los Angeles Agosti 1952, ukatoka 1953 na kukaa wiki saba kileleni mwa chati ya nyimbo za watu weusi. Ndiyo, Marekani ya wakati ule ilibagua hata chati. Msikilize tu ubeti wa kwanza, utajua huyo mbwa ni nani: ni marioo. Mwanamke amechoka kulisha mwanamume anayekuja kunusanusa mlangoni, na anamtimua bila haraka, kwa mngurumo, huku gitaa likimwitikia kama shoga yake aliyekaa pembeni akichochea.

Elvis aliuokota Las Vegas, 1956 hiyohiyo, kwa bendi ya Freddie Bell and the Bellboys. Hao walikuwa wameshabadilisha maneno ili uwe kichekesho. Mkononi mwao mbwa akawa mbwa kweli, anasutwa kwa kutokamata hata sungura mmoja. Yule marioo katoka kwenye wimbo kabisa, na aliyemchoka naye katoka. Kimebaki kelele na mwendo.

Lakini kelele gani hizo! Tarehe 1 Julai 1956, kwenye kipindi cha televisheni cha Steve Allen, walimvisha Elvis suti rasmi yenye mkia, wakamwekea mbwa hai mbele yake amwimbie, ili asipate nafasi ya kukatika kiuno kama alivyofanya mwezi mmoja kabla kwenye kipindi cha Milton Berle na kuwatia watu wazima kiwewe. Kesho yake akaingia studio ya RCA jijini New York na kuurudia wimbo huo mara 31 mpaka akaridhika. Mimi husikia hasira ya jana yake humo. D. J. Fontana anapiga ngoma kama mtu anayevunja mlango wa nyumba aliyofungiwa nje.

Kwa masikio, Big Mama anashinda, tena si kwa goli moja. Kwa sherehe ya watu hamsini waliokaa kwenye viti vya plastiki, Elvis ndiye atakayewainua. Na hata kama ningetaka kuleta ubishi, santuri ya Big Mama si ya 1956, na sharti la mjomba ni sharti. Elvis akapita. Nilikasirika kidogo, nikaendelea.

Geuza sasa santuri hiyohiyo. Upande wa pili kuna Don't Be Cruel, uliorekodiwa siku ileile, na pande zote mbili kwa pamoja zilitawala kilele cha chati wiki 11. Mtunzi wake ni Otis Blackwell, mtu mweusi wa Brooklyn, na jina la Elvis likachomekwa kando ya lake kama mtunzi mwenza, jambo lililokuwa kawaida kwa mtu mnyonge aliyetaka wimbo wake uimbwe na tajiri. Ukiniuliza mimi, upande huu ndio wenye utamu. Ngoma zimeshushwa, besi inatembea, waitikiaji wa The Jordanaires wanajaza mapengo, na Elvis anabembeleza badala ya kufoka. Wazee wanaweza kuucheza bila kumwamsha daktari. Ukiwa na nafasi ya Elvis mmoja tu, chukua huu uache Hound Dog.

Na Heartbreak Hotel? Huo ndio uliomfungulia njia. Aliurekodi Nashville tarehe 10 Januari 1956, siku mbili baada ya kutimiza miaka 21, na ndio wake wa kwanza kufika namba moja kwenye chati kuu ya jarida la Billboard. Ni wimbo mkubwa, pengine mkubwa kuliko yote niliyoitaja. Ila inasimuliwa kuwa wazo lake lilitokana na habari ya gazetini kuhusu mtu aliyejiua, sauti imerekodiwa kwa mwangwi kama wa korido tupu, na kila anayeingia hoteli hiyo analia, hata mbeba mizigo wa hoteli. Usiku wa manane, peke yako, hauna mpinzani. Kwenye siku ya kuzaliwa ya mtu wa miaka sabini, uache kabatini.

Viatu vya bluu

Blue Suede Shoes ni wa Carl Perkins, mtoto wa wakulima wa Tennessee. Ulitoka kwa Sun Records ya Memphis siku ya mwaka mpya 1956. Elvis aliurekodi mwisho wa mwezi huohuo. Perkins akapanda hadi namba mbili. Aliyekaa namba moja juu yake alikuwa nani kama si Elvis na hoteli yake. Machi 22, Perkins akielekea New York kuonekana kwenye televisheni ya taifa kwa mara ya kwanza, gari lao likapata ajali mbaya. Alipokuwa bado anauguza majeraha, Elvis akauimba wimbo huo mbele ya mamilioni. Ndiyo maana leo hata mchuuzi wa nyimbo kwenye kibanda cha simu atakuambia ni wa Elvis.

Tofauti yao inasikika ndani ya sekunde kumi. Elvis anaingia mbio na hasimami mpaka mwisho. Perkins anahesabu, anasimama, gitaa linagonga mara mbili, anahesabu tena, anasimama tena. Vile vituo ndivyo vinavyomfanya mchezaji aonyeshe. Wimbo wenyewe unahusu kijana anayewaambia watu: mtukaneni, mchomeeni nyumba, mnyweeni pombe yake, lakini kiatu chake kipya msikikanyage. Aliyewahi kuingia ukumbi wa dansi na raba nyeupe ya kuazima anajua kwamba huo si utani. Perkins anaimba kama mtu anayekijua kiatu hicho kilimgharimu nini. Yeye ndiye niliyemchagua, na hapa sikusita.

Mjomba John kichochoroni

Hii ni fupi, maana mmoja wa washindani hakupaswa kuingia uwanjani.

Little Richard alipotoa Tutti Frutti mwishoni mwa 1955, kijana mweupe mstaarabu aitwaye Pat Boone aliuimba upya na kumpita kwenye chati kuu, kwa sababu vituo vingi vya redio vilimtaka Boone. Kwa Long Tall Sally, uliorekodiwa New Orleans Februari 1956 kwenye studio ya Cosimo Matassa, Richard na prodyuza wake Bumps Blackwell wakaongeza kasi makusudi, ulimi wa Boone usiweze kufuata. Boone akajaribu hata hivyo. Anatamka kila neno kama mwalimu anayeita majina ya darasa. Safari hii Richard alifika namba 6 na Boone namba 8, na huko kwenye chati ya watu weusi Richard alikuwa namba moja. Weka saksafoni ya Lee Allen na ngoma za Earl Palmer juu ya hayo, kesi imekwisha.

Swali lililobaki si la muziki bali la adabu. Wimbo unamhusu Mjomba John, anayejidai mgonjwa kumbe yuko na Sally, na akimwona mkewe anakuja anatumbukia kichochoroni. Niupige kwenye sherehe ya mjomba, mkaza mjomba akiwa ameketi mstari wa mbele, yeye aliyefundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini? Nikaamua kuupiga. Kisha, kwa tahadhari, baada yake tu nikaupanga I Walk the Line wa Johnny Cash.

Huo nao ni wa Sun, umetoka Mei 1956, na ni kiapo cha mume aliye safarini kwamba hatapotoka. Cash hakuwa na mpiga ngoma, hivyo alipenyeza karatasi katikati ya nyuzi za gitaa lake ili zitoe mkwaruzo wa ngoma. Sikiliza pia jinsi anavyoguna kabla ya kila ubeti: anatafuta sauti ya kuanzia, maana ufunguo wa wimbo unabadilika kila mara, na ubeti wa mwisho unashuka chini mpaka unahisi anaimba kutoka shimoni. Peke yake ungenipooza watu. Nyuma ya Sally, unakuwa msamaha.

Za waliokaa

Kuna wageni ambao hawatainuka hata uwapigie nini. Kwao nilikuwa na Que Sera, Sera wa Doris Day upande mmoja, na Blueberry Hill wa Fats Domino upande wa pili.

Wa Doris Day ulitungwa na Jay Livingston na Ray Evans kwa ajili ya filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka huohuo, ukapata tuzo ya Oscar, na Uingereza ukakaa wiki sita namba moja. Mtoto anamuuliza mama yake: nitakuwa nani? Mama anajibu kwa maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari, liwalo na liwe. Mapigo yake ni matatu matatu, ya walzi, watu wanayumba vitini bila kujua. Una sukari nyingi, sikatai. Lakini kwa kumbukumbu ya mtoto aliyezaliwa mwaka ule haupitwi, nikauweka wa kwanza kabisa.

Blueberry Hill ni mkongwe zaidi. Ulishapendwa 1940, na Louis Armstrong aliurekodi 1949. Armstrong anausimulia kama mtu aliyekwisha kusamehe. Domino anauimba kama mtu anayetabasamu na bado kidonda hakijapona, huku vidole vyake vya kulia vikigonga kinanda mara tatu tatu, ule mdundo wa New Orleans usiochosha. Cha ajabu, hakuwahi kuuimba mzima studioni. Fundi mitambo Bunny Robyn alikata vipande vya kanda akaviunganisha, ndio huo tunaousikia. Sijawahi kuusikia mshono, na nimeutafuta. Huu ni wa mjomba na mkewe wasimame wacheze taratibu, akubali asikubali.

Waliokosa nafasi ni wengi. The Great Pretender wa The Platters uliongoza chati Februari 1956, ila santuri ilitoka 1955, na mjomba alifanya kazi ya ukaguzi wa hesabu, angegundua. Frankie Lymon na Why Do Fools Fall in Love nilimpenda kwa sauti yake ya miaka 13, lakini alibanwa na dakika. Chuck Berry aliingia kwa Roll Over Beethoven kwa sababu binamu yangu anajifunza gitaa na amenitishia.

Belafonte au Franco

Hapa ndipo nilipokesha.

Harry Belafonte alizaliwa Harlem, mama yake Mjamaika, na sehemu ya utoto wake akalelewa Jamaika. Albamu yake ya 1956, Calypso, ilikaa wiki 31 namba moja Marekani, kuanzia mwaka uleule tunaoambiwa ulikuwa wa Elvis. Jina la albamu linadanganya kidogo, maana kalipso ni ya Trinidad, na ule wimbo mkubwa wa Day-O ni wa wachukuzi wa Jamaika: wamepakia ndizi melini usiku kucha, kumekucha, wanamwita karani aje ahesabu mikungu waende makwao. Mmoja anaita, kundi linaitikia. Huhitaji kujua Kiingereza hata kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kuvuta jarife au kubeba gunia kwa wimbo anajua aingie wapi. Tena sauti hiyo tunaijua: ni yeye aliyerekodi Malaika pamoja na Miriam Makeba mwaka 1965, kwa Kiswahili.

Upande wa pili, Léopoldville, Kinshasa ya leo. Juni 1956 vijana waliokuwa wakirekodi kwa studio ya Loningisa walianzisha bendi na kuipa jina la baa walimokuwa wakipiga, OK Bar, nayo ikawa OK Jazz. Mpiga gitaa wao, Franco Luambo, alikuwa hajatimiza miaka 18. Mwaka huohuo wakatoa wimbo wa kujitambulisha, On entre OK, on sort KO. Ni mchezo wa herufi za Kifaransa: unaingia ukiwa sawa, unatoka umelambishwa sakafu kama bondia. Klarineti ya Essous inacheka mbele, gitaa linatekenya nyuma, na rumba iliyokwenda Kuba ndani ya meli za watumwa imerudi nyumbani ikiwa na viatu.

Ukivipima kwa ubora wa kurekodi, Belafonte yuko mbali. Sauti yake imenyooka, chumba kizima unakisikia. Ya Franco ina mkwaruzo, besi imezama, na spika mbovu itaiua. Ukivipima kwa kujulikana, Belafonte tena. Lakini nilipouweka wa Franco jikoni kujaribu, mama aliyekuwa anachambua mchele aliacha ungo. Hakusema kitu, aliuacha tu ungo na mabega yakaanza kazi. Belafonte alikuwa amemfanya aimbe. Franco amemwinua kitini. Wote wawili wameingia: Day-O katikati, watu wakichangamka na kuitikia, na Franco wa mwisho, ili kama kuna atakayegoma kwenda kwenye pilau, agome kwa sababu ya maana. Mwenye nafasi moja tu achukue Franco, kisha atafute spika nzuri.

Kabla hujapakua

Jihadhari na majina. Wengi wa waimbaji hawa walizirekodi upya nyimbo zao baadaye walipohamia kampuni nyingine; Little Richard alifanya hivyo miaka ya 1960 kwa Vee-Jay, na Chuck Berry kwa Mercury. Mtandaoni marudio hayo hubandikwa picha ya zamani. Angalia lebo: Richard wa kweli yuko Specialty, Berry yuko Chess, Domino yuko Imperial, Perkins na Cash wako Sun. Ukisikia gitaa limekaa sikio la kushoto na ngoma sikio la kulia, shtuka, maana singo hizi zilitoka zikiwa sauti moja iliyokaa katikati.

Juzi nilimpelekea mjomba orodha aipitie. Akavaa miwani, akapita na kalamu kama anakagua vitabu vya kampuni. Kwa Sally akacheka, akamtazama mkewe, akaacha kucheka. Alipofika kwa Hound Dog akauliza, "Huyu si wa pili? Yule mama aliyeanza yuko wapi?" Nikamweleza habari ya mwaka, kwamba 1953 si 1956, na sharti aliliweka mwenyewe.

"Sharti ni la nusu saa," akasema. "Kwenye pilau sikuweka sharti."

Basi sahani zitakapoanza kugawiwa, Big Mama ndiye atakayekuwa anaimba.